Mshiko wa usalama haufungwi kwa waya

Ndugu mfanyakazi, kazini wewe unajua sheria. Huingii ndani ya konkaseri bila kukata umeme na kufunga kadena yako mwenyewe. Hutii mkono katika mkanda unaotembea. Hupandi juu ya mashini usiyofundishwa. Kapita anaangalia, watu wa usalama wanaangalia, nawe mwenyewe unajiangalia, sababu unataka kurudi nyumbani mzima.

Lakini unaporudi nyumbani, je, sheria ile inabaki wapi? Inabaki mlangoni pa kompani, pamoja na kofia na boti. Siku ya mapumziko tunamwona mtu yule yule, fundi mwenye akili, akisukuma mashini ya kukata majani na sandali miguuni, watoto wakimfuata nyuma. Au anaendesha motokulteri shambani, shati limefunguka na kupepea karibu na mkanda wa mota.

Katika ukurasa huu nataka tusemezane juu ya mashini za lupango: mashini ya kukata majani, motokulteri ya magurudumu 2, trakta ndogo ya bustani, na vyombo vyote vinavyofungwa juu yao: visu vya kulimia, jembe la kukokota, remorki, pampu ya maji. Sisemi msizinunue. Mimi ni msaidizi wa mganga, najua vile jembe la mkono linavyovunja kiuno cha mtu aliyekwisha kumaliza juma zima chini ya ardhi. Mvua zikianza mwezi wa Oktoba au Novemba, majani yanapanda mbio, na shamba la mahindi halingoji. Mashini ni msaada. Neno langu ni hili: mashini ya lupango ni mashini kamili, nayo inadai sheria ile ile ya kazini. Asiyetaka kuifuata, heri abaki na jembe lake.

Mashini ndogo, nguvu si ndogo

Watu wanasema: «Hii ni kitu kidogo tu, si kamioni ya mgodi.» Tufanye hesabu.

Mtu mwenye afya, akifanya kazi ya mikono saa nyingi bila kuchoka upesi, anatoa nguvu karibu sehemu 1 ya 10 ya nguvu ya farasi mmoja. Basi motokulteri yenye nguvu za farasi 8 inavuta sawa watu 80. Ukishindana nayo kwa mkono mmoja, unashindana na watu 80 kwa mara moja.

Tazama tena kisu cha mashini ya kukata majani. Tuseme kina urefu wa sentimita 50 toka ncha hata ncha, na kinazunguka mara 3000 kwa dakika. Ncha yake inakimbia mita 78 kwa kila sekunde, maana yake ni zaidi ya kilometa 280 kwa saa. Hakuna gari katika barabara zetu linalokimbia hivyo. Jiwe dogo, msumari, kipande cha waya kilichojificha ndani ya majani, kikipigwa na kisu kile, kinatoka sawa risasi. Jicho la mtoto aliye mbali kidogo halina nafasi ya kufumba.

Na ule mti wa chuma unaozunguka, unaotoa nguvu toka trakta kwenda kwa chombo cha nyuma? Katika trakta za kawaida unazunguka mara 540 kwa dakika, ni mara 9 kwa sekunde. Unene wake ni karibu sentimita 3 na nusu. Ukipiga hesabu utaona kwamba unaweza kuzungushia karibu mita 1 ya kitambaa kwa sekunde moja tu. Shati lako lina mita ngapi? Kabla hujasema «mama!», nguo imekwisha, na baada ya nguo unafuata mkono. Ndiyo sababu mti ule unavikwa bomba la kuukinga. Bomba likipasuka, mashini imesimama kazi mpaka lipatikane jingine. Si kusema «tutaangalia baadaye».

Juu ya ule mshiko

Sasa nafika kwa jambo linalonisumbua kupita mengine yote.

Mashini nyingi za kusukuma zina mshiko wa pili, chini kidogo ya mshiko wa kusukumia. Unaubana kwa vidole, kazi inaenda. Ukiuachia, mota inazimika au kisu kinasimama. Mshiko ule umewekwa kwa ajili ya siku ile utakayoteleza, utakayoanguka, utakayopata kizunguzungu. Mikono yako ikiachia, mashini isiendelee peke yake. Katika Marekani, sheria iliyoanza mwaka 1982 inadai kwamba kisu cha mashini ya kusukuma kisimame katika sekunde 3 baada ya mtu kuachia mshiko. Sekunde 3 tu! Waliotunga sheria ile walijua kwamba mtu akianguka, hana muda wa kufikiri.

Na sisi tunafanya nini? Tunachukua waya, au kipande cha mpira wa baisikeli, tunaufunga mshiko ule usiachie tena. Tunasema vidole vinachoka. Tunasema mashini inazimika mara kwa mara, na kuiwasha tena ni kazi. Tunasema: «Mimi ni fundi, najua ninachofanya.»

Ndugu fundi, kazini ungemwona mtu amefunga kwa waya kituo cha usalama cha mkanda wa mawe, ungesema nini? Ungeita kapita mara moja. Ungesema mtu huyu anataka kuua wenzake. Basi lupangoni wenzako ni nani? Ni bibi yako na watoto wako.

Tena ufundi haukusaidii hapa. Mshiko ule haukutengenezwa kwa ajili ya mjinga tu. Umetengenezwa kwa ajili ya kila mtu ambaye miguu yake inaweza kuteleza, na majani yenye maji hayaulizi diploma. Kama vidole vinachoka, kuna dawa: tia mafuta katika kamba yake ya chuma ili iende laepesi, pumzika kila baada ya mistari michache, au mpokezane wawili. Mashini ikizimika hovyo, safisha chujio la hewa na buji. Waya si dawa. Nasema wazi: ukiona mashini yenye mshiko uliofungwa, usiisukume hata hatua moja. Fungua waya kwanza.

Kadena ya lupango

Kazini, kabla ya kugusa mashini iliyokwama, tunakata nguvu na kufunga kadena. Nyumbani hakuna kadena, lakini kuna buji.

Majani yenye maji yakijaa chini ya mashini, kisu kinakwama. Mtu anazima mota, anaigeuza mashini, anatia mkono. Anafikiri hatari imekwisha. Haikwisha! Ukivuta majani, kisu kinageuka. Kisu kikigeuka, mota inageuka pamoja nacho. Na mota yenye buji iliyofungwa na esansi ndani inaweza kushika moto mara moja. Pigo moja linatosha.

Kwa hiyo shika desturi hii: zima mota; ngoja kisu kisimame kabisa; vua waya wa buji na kuuweka mbali; ndipo utoe majani, na kwa kijiti, si kwa vidole. Kwa mashini ya mazutu, ambayo haina buji, zima, ngoja gurudumu zito la pembeni lisimame, funga njia ya mazutu. Usitoe kamwe kifuniko cha mikanda wakati mota inalia. Kwa trakta ndogo, shusha chini chombo chochote kilichoinuliwa, funga breki, toa ufunguo, utie mfukoni mwako. Ufunguo ulio mfukoni ndiyo kadena yako.

Jambo jingine wanalolijua mafundi wa atelie, lakini wengi hawalijui: trakta yenye tuyo za mafuta ya nguvu. Tuyo ikitoboka tundu dogo sawa ncha ya sindano, mafuta yanatoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Usitafute tundu lile kwa kidole. Pitisha kipande cha kartoni. Na mtu akipigwa na mafuta yale, alete mkono wake hospitalini saa ile ile, hata kama haoni kitu ila alama ndogo na haumwi. Mafuta yanakula nyama toka ndani. Akingoja mpaka kesho, anaweza kupoteza kidole au mkono.

Motokulteri: nyuma, na mteremko

Wafanyakazi wengine wanaunga pesa na kununua motokulteri moja kwa watu kadhaa. Ni akili nzuri. Leo inalima, kesho inavuta pampu, keshokutwa inafungwa remorki na kuleta mahindi. Lakini kila chombo kina hatari yake.

Visu vya kulimia vinazunguka karibu kabisa na miguu ya mwendeshaji. Hatari kubwa ni kurudi nyuma. Ukirudisha motokulteri nyuma hali visu vinazunguka, kisha ukijikwaa juu ya bonge la udongo, mashini inapanda juu yako na visu vyake. Sheria ni moja: kabla ya kurudi nyuma, simamisha visu. Na mgongo wako usiwe karibu na ukuta au mti.

Mteremko nao una ujanja wake. Motokulteri nyingi zinageuzwa kwa vishiko 2: ukibana cha kushoto, gurudumu la kushoto linakosa nguvu, mashini inageuka kushoto. Vizuri. Lakini kwenye mteremko mkali, remorki nzito ikisukuma nyuma, inakuwa kinyume: gurudumu lililoachiwa linakimbia kupita lile jingine, na mashini inageuka upande wa pili! Dereva asiyejua anabana zaidi, na anaingia shimoni pamoja na mzigo. Kwenye mteremko shuka polepole kwa gia ndogo, usigeuze kwa vishiko vile, geuza kwa kusukuma mikono ya kushikia. Na watu wasipande juu ya mzigo wa remorki. Gunia likianguka tunaliokota. Mtoto akianguka chini ya gurudumu, hatuna la kumrudishia.

Kwa trakta ndogo ya kukalia, watengenezaji wengi wanaweka mpaka wa mteremko wa digri 15. Maana yake, kwa kila mita 1 unayokwenda, ardhi isipande kupita sentimita 27 hivi. Kata majani kwa kupanda na kushuka, si kwa kupita ubavuni, sababu trakta inapinduka ubavu. Mashini ya kusukuma ni kinyume: pita ubavuni, ili ukiteleza usiende chini yake wala yenyewe isije juu yako. Kupinduka si hadithi. Nchi ya Sweden ilikuwa tangu mwaka 1959 imeamuru kila trakta mpya iwe na chuma cha kumkinga dereva ikipinduka, sababu watu wengi walikuwa wakifa hivyo mashambani. Trakta yako ikiwa na chuma kile na mkanda wa kiti, usikikate ili ipite chini ya miembe. Kata tawi la mwembe.

Watoto si wasaidizi

Wazazi, nisikilizeni vizuri. Mtoto anapenda mashini. Analia apakatwe juu ya trakta, na baba anaona raha. Waganga wa watoto wa Marekani, ambako trakta za bustani ziko katika nyumba nyingi, wanashauri hivi: mtoto asisukume mashini ya kukata majani kabla ya miaka 12, asiendeshe ile ya kukalia kabla ya miaka 16, na asipakatwe juu yake hata kidogo. Sisi tuna mashini chache kuliko wao. Tusingoje kupata vilema vingi ndipo tujifunze.

Mashini ikiwashwa, watoto wawe ndani ya nyumba, na mtu mzima mmoja awaangalie. Mtoto anayejua baba yuko nje atatoka mbio kumfuata, na baba kwa kelele ya mota hasikii. Kabla ya kurudi nyuma, geuza kichwa, tazama chini na nyuma.

Na wewe mwenyewe vaa: boti au viatu vigumu vilivyofungwa, suruali ndefu, shati lililoingizwa ndani, miwani. Kina mama, kitenge kifungwe vizuri, au heri suruali siku ile. Ncha ya kitenge na mti unaozunguka ni maadui. Linda masikio pia. Kelele ya 85 desibeli inavumilika saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88, saa 4, 91, saa 2. Ukishinda mgodini juma zima na kelele, kisha siku ya mapumziko unaongeza nyingine, masikio ni yale yale.

Esansi itiwe mota ikiwa imepoa, nje, mbali na makaa ya jikoni na sigara. Usiwashe mota ndani ya depo iliyofungwa: moshi wake una sumu isiyo na harufu wala rangi, inamlaza mtu bila yeye kujua.

Anayeazima mashini aazime na mtu wake

Hapa najua wengine watanikasirikia. Jirani anakuja: «Niazime mashini, nitairudisha saa kumi.» Ni vigumu kukatalia jirani. Lakini tukiazimisha mashini kwa asiyeijua, tunaazimisha kidonda. Nasema: anayeazima, aazime pamoja na mwendeshaji wake. Kama mwendeshaji hana nafasi, mashini ibaki. Ni hivyo hivyo kwa kijana wa kibarua. Unamlipa siku moja, unamwonyesha namna ya kuwasha, lakini humwonyeshi namna ya kuzima! Afundishwe kuzima kwanza. Azime mara 5 mbele ya macho yako kabla ya kukata jani moja.

Wale wanaounga pesa, wachague mtu mmoja wa kuiangalia mashini. Kitu cha watu wote, kisicho na mwenyewe, vifuniko vyake vinapotea kwanza.

Ajali ikitokea

Zima mashini kabla ya kumgusa aliyeumia. Damu ikitoka nyingi, bonyeza kidonda kwa nguvu na kitambaa safi, usiachie ili kuchungulia. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haikubali kusimama, funga kwa kitambaa kipana juu ya kidonda, kaza, na uandike saa. Kidole kikikatika, kisitupwe: kioshe polepole kwa maji safi, kizungushie kitambaa safi chenye maji kidogo, kitie katika mfuko wa plastiki, na mfuko ule juu ya barafu. Kisiguse barafu chenyewe. Kilete pamoja na mtu wake.

Kidonda kidogo pia kije dispanseri. Udongo wa shamba una vijidudu vya pepopunda. Kioshe kwa maji mengi na sabuni, usitie majivu wala esansi, na uje tuangalie karatasi ya chanjo. Kwa kidonda kichafu, kama miaka 5 imepita tangu sindano ya mwisho, unahitaji nyingine.

«Ni mambo ya nyumba yangu»

Wengine watasema: mlango wa lupango langu ndiyo mpaka, kompani isiniambie namna ya kukata majani yangu. Ni kweli, lupango ni lako. Lakini mkono ni mmoja. Hatuna mkono wa kazi na mkono wa nyumba. Ukiupoteza siku ya mapumziko, siku ya kwanza ya juma hauko kazini.

Tena fikiri neno hili. Ukiumia kazini, ajali inaandikwa ajali ya kazi, na Caisse Nationale de Sécurité Sociale ina malipo yake. Ukiumia nyuma ya nyumba ukikata majani, si ajali ya kazi. Kidonda ni kimoja, kilema ni kimoja, lakini malipo yale hayako. Ndiyo maana mimi naona ungehitaji kujiangalia nyumbani kupita kazini, si chini yake.

Na kwa wakubwa wa usalama nina ombi dogo. Kabla ya mvua, tutafutieni asubuhi moja, mashini moja ya kukata majani na motokulteri moja, na fundi mmoja wa garaje atuonyeshe: kuzima, kuvua buji, kushuka mteremko. Bibi zetu waitwe pia, sababu ndio wanaobaki na mashini tukiwa zamu. Asubuhi moja si gharama kubwa mbele ya mguu wa mtu.

Basi ndugu, leo kabla ya jua kushuka, nenda nyuma ya nyumba uitazame mashini yako. Vifuniko vyote viko? Bomba la mti halikupasuka? Na ule mshiko, una waya? Chukua koleo, kata waya ule. Usingoje mtu wa usalama. Lupangoni mtu wa usalama ni wewe.